Ripoti ya uthamini ya nyumba au kiwanja chako Dodoma: ikague hivi kabla hujasaini

Maswali yanayokuja ni yaleyale. Mtu wa Nkuhungu anauliza mbona nyumba yake imethaminiwa chini kuliko ya jirani wakati zote ni vyumba vitatu, mwingine wa Ihumwa kaambiwa shamba la mzee linapitiwa na barabara afu kapewa fomu asaini palepale juani, mwingine anatafuta mkopo na afisa mikopo kamwambia "usijali, mthamini tutaongea nae namba ifike". Kwahiyo naandika yote sehemu moja, ukimaliza kusoma shika ripoti yako uipitie hatua kwa hatua.

Jambo moja kwanza. Wengi wakipewa ripoti wanakimbilia ukurasa wa mwisho, namba ikiwafurahisha wanasaini, ikiwaudhi wanagomba. Ile namba imezaliwa na vipimo, bei na makadirio yaliyoandikwa kurasa za ndani, na makosa yako huko ndani, na mengi unaweza kuyaona mwenyewe bila kusomea ardhi. Na namba iliyozidi ni hatari kama iliyopungua. Ukithaminiwa milioni 90 kwa nyumba ya milioni 50, ukakopeshwa kwa hiyo 90, siku biashara ikiyumba nyumba itauzwa na deni litabaki juu yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hati, ofa au barua ya umiliki uliyonayo, pamoja na ile ramani ndogo ya upimaji inayoambatana na hati
- Ripoti kamili ya uthamini, kurasa zote na viambatisho, sio picha ya ukurasa wa mwisho uliyotumiwa wasapu
- Futi kamba ndefu, ya mita 30 ukipata, na mtu wa kukushikia upande wa pili
- Simu yenye kalkuleta na kamera
- Daftari, maana utaandika majina, tarehe na namba
- Kama ni fidia, nakala ya kila fomu uliyosaini au uliyoambiwa usaini

Kama hujapewa ripoti kamili usiendelee kukisia, iombe kwa barua. Benki mara nyingi wanasema ripoti ni ya kwao kwa sababu wao ndo walioagiza, ila wewe ndo unalipia na mali ni yako, omba kwa adabu na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua 1: Jua uthamini umefanywa kwa kazi gani

Angalia kurasa za mwanzo, lazima paandikwe lengo. Uthamini wa mkopo, wa kuuza, wa mirathi, wa kodi ya TRA na wa fidia sio kitu kimoja. Ripoti ya mkopo kwa kawaida ina namba mbili, thamani ya soko na thamani ya mnada, yaani bei ya kuuza kwa haraka, na hiyo ya pili mara nyingi inakuwa kama asilimia 70 au 75 ya ile ya kwanza. Watu wanagombana bure kwa sababu mmoja anasoma ya soko mwenzie anasoma ya mnada.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua ripoti ya mkopo ya mwaka juzi na kuitumia kugawana mirathi leo. Angalia tarehe ya ukaguzi na tarehe ya thamani. Mji huu umebadilika sana tangu serikali itangaze kuhamia mwaka 2016, na bado barabara zinafunguliwa na viwanja vinapimwa, bei ya miaka miwili nyuma inaweza isifanane kabisa na ya leo.

Hatua 2: Hakikisha aliyekuja ni mthamini kweli

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka mthamini awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Muulize jina kamili na namba ya usajili, andika, kisha uliza Bodi kama yupo kwenye orodha yao na kama usajili wake uko hai. Mthamini wa kweli hakasiriki ukimuuliza.

Ubaya unaotokea hapa ni kuuza muhuri. Anakuja kijana ambaye hajasajiliwa, anapiga picha mbili tatu, anaandika ripoti, afu mwenye usajili anasaini bila kuiona nyumba. Andika jina la aliyefika kwako siku ile na ulinganishe na jina lililosaini. Msaidizi kuja kupima sio kosa, lakini ripoti ikisema "nilikagua mwenyewe tarehe fulani" na wewe unajua hakukanyaga pale, huo ni uongo kwenye nyaraka na ndo kitu cha kwanza kuandika kwenye malalamiko yako.

Hatua 3: Uwepo siku ya ukaguzi

Usimwachie mpangaji au dada wa kazi. Tembea na mthamini vyumba vyote, mfungulie stoo, muoneshe kisima, tanki la chini, mita ya maji ya DUWASA, banda la nyuma. Mwambie na mabaya pia, ufa wa ukutani, choo kinachofurika masika. Sehemu zenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi nyufa ni nyingi na mthamini mzuri ataziuliza, asipouliza ujue ana haraka.

Piga picha yako mwenyewe siku hiyo, na hakikisha simu inaonesha tarehe. Mthamini aliyesimama getini dakika tano na kuondoka hajakagua. Baadae ripoti itasema dari ni jipsamu wakati ni mbao, au sakafu ni vigae wakati ni saruji, kwa sababu amenakili ripoti ya nyumba nyingine na kubadilisha jina. Ukikuta jina la mtu mwingine au mtaa mwingine katikati ya ripoti yako, ni hilohilo.

Hatua 4: Linganisha utambulisho wa kiwanja, neno kwa neno

Weka hati pembeni ya ripoti. Namba ya kiwanja, kitalu, eneo, jina la mmiliki, ukubwa, muda wa umiliki na ulianza lini. Soma kwa kidole, tarakimu moja moja. Makosa ya hapa ni madogo kwa macho na makubwa kwa hela. Mfano: ramani inasema mita za mraba 472, ripoti imeandika 742. Kama bei waliyotumia ni shilingi 25,000 kwa skwea mita, tofauti ya mita 270 ni shilingi 6,750,000, imetokana na tarakimu mbili kubadilishana nafasi.

Kwa Dodoma angalia na muda wa hati. Hati za zamani za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, zilikuwa za miaka 33, na baada ya CDA kuvunjwa mwezi Mei 2017 na kazi zake kwenda halmashauri, watu wakaanza kubadilishiwa kwenda miaka 99. Ukikuta ripoti imeandika miaka 99 wakati mkononi una ile ya 33 hujaibadilisha, au kinyume chake, sema. Miaka iliyobaki inaingia kwenye thamani.

Kama kiwanja hakijapimwa, kuwa makini na neno hatua. Huku tunauziana "20 kwa 20" na shamba "70 kwa 70" tukiita ekari, ila hatua ya mtu mrefu sio hatua ya mtu mfupi, na hatua sio mita. Mthamini akichukua 20 kwa 20 za mwenye shamba na kuandika mita za mraba 400 bila kupima, hiyo namba haina msingi. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, apime kwa kifaa.

Hatua 5: Pima nyumba mwenyewe na urudie hesabu

Toka nje na futi kamba. Jengo kwa kawaida linapimwa kwa nje ya ukuta, kwahiyo usijumlishe vyumba kwa ndani ukasema umeibiwa, kwa ndani lazima ipungue. Veranda na banda la gari vinatakiwa visimame peke yake na bei yao ya chini, visichanganywe na nyumba.

Sasa fanya hesabu. Tuseme nyumba ni mita 12 kwa 9.5, inakuwa mita za mraba 114. Ripoti imetumia gharama ya kujenga shilingi 450,000 kwa mita, inakuja 51,300,000. Nyumba sio mpya, wamekata uchakavu asilimia 10, ni 5,130,000, inabaki 46,170,000. Hapo ongeza ardhi, uzio, kisima. Ukipiga na usipate walichopata, kuna kosa la kujumlisha, na haya yapo mengi kuliko watu wanavyodhani.

Vitu viwili vya kukagua kwa makini hapa. Cha kwanza ni kuhesabu kitu mara mbili, uzio umeshaingia kwenye bei ya nyumba afu unaonekana tena chini kama kazi za nje. Cha pili ni uchakavu wa kubuni. Nyumba ya mwaka 1985 pale Chang'ombe haijawahi kuezekwa upya, imekatwa asilimia 5, na nyumba ya miaka mitatu Ilazo imekatwa asilimia 25. Uliza sababu, mthamini anatakiwa awe nayo, aseme bati limekula kutu, misingi imeshuka, au imefanyiwa ukarabati mwaka fulani.

Hatua 6: Chimba bei za kulinganisha

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndo namba inapopindishwa kirahisi na mtu asione.

Thamani ya soko inatokana na bei ambazo mali zinazofanana zimeuzwa kweli. Ripoti nzuri itakuonesha angalau mauzo matatu, iseme yako wapi, ukubwa gani, yaliuzwa lini, kwa bei gani. Ukikuta imeandikwa tu "kutokana na hali ya soko eneo hili" bila mfano hata mmoja, rudisha. Hiyo ni namba ya kichwani.

Kosa kubwa la huku ni kutumia bei za matangazo ya madalali kama vile ni bei za kuuzia. Dalali anaposti kiwanja milioni 35, kinakaa miezi, mwenye shida anakiachia kwa 26. Ile 35 haijawahi kulipwa na mtu yeyote. Muulize mthamini moja kwa moja, "hizi bei ni za kuuzwa au za kutangazwa?" Za kutangazwa zinaweza kutumika kama hakuna kingine, lakini ripoti iseme wazi na ipunguze.

Kosa lingine ni kulinganisha maeneo yasiyolingana. Kiwanja cha Mtumba karibu na Mji wa Serikali hakiwezi kumpa bei mtu wa Nala, na hata ndani ya eneo moja cha kando ya lami chenye maji na umeme sio sawa na cha ndani kabisa unakofika kwa bodaboda tu. Dodoma maji yana bei yake, kiwanja kinachofikiwa na bomba na kisichofikiwa vinatofautiana, na chenye majabali msingi wake utakula hela. Mthamini akitumia mfano usiofanana kabisa anatakiwa aoneshe amerekebisha nini, ameongeza kiasi gani na kwa nini.

Na ukubwa nao. Tuseme kiwanja cha mita 600 kimeuzwa milioni 15, ni shilingi 25,000 kwa mita. Kingine jirani cha mita 1,200 kimeuzwa milioni 24, ni shilingi 20,000 kwa mita. Kikubwa mara nyingi kinashuka bei kwa kila mita. Sasa cha kwako ni mita 1,100 na mthamini kashika ile 25,000 kwa sababu inapandisha, unapata 27,500,000 wakati mfano unaofanana nacho unakupeleka kwenye 22,000,000. Hii hutaiona kama hujagawa bei kwa mita, gawa kila mfano.

Ukitaka kuhakikisha, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wawili watatu walionunua karibuni. Ukiwa mstaarabu watakwambia bei halisi, na majirani wanajua nani alinunua kwa ngapi.

Hatua 7: Tafuta ambacho ripoti haijasema

Kiwanja kinaweza kuwa kimeingia kwenye hifadhi ya barabara, kimepitiwa na njia ya umeme mkubwa, kipo kwenye korongo linalojaa mvua za Januari, au kina kesi Baraza la Ardhi. Kuta zenye alama ya X nyekundu au bikoni (alama za mpaka) za TANROADS, wakala wa barabara, karibu na ukuta wako, hivo vitu lazima vitajwe. Mthamini akiona na kunyamaza ili namba ipande, benki ikigundua baadae mkopo unaweza kusimamishwa katikati.

Hatua 8: Kama ni fidia, kuna hatua za ziada

Hapa watu wa vijijini na pembezoni wanaumia zaidi, hasa walioko kwenye njia za miradi, barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato, reli. Kanuni za fidia za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataka fidia isiwe nyumba na mazao tu. Angalia kama fomu yako ina haya:

- Ardhi yenyewe na maendelezo yote, majengo, miti, mazao ya kudumu
- Posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani ya mali na wastani wa riba ya amana za miezi 12 benki. Tuseme riba ni asilimia 8 na mali ni milioni 40, posho ni 3,200,000
- Posho ya usafiri, gharama ya kusafirisha tani 12 ndani ya kilomita 20
- Posho ya makazi, kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36
- Hasara ya faida kama ulikuwa na biashara, faida halisi ya mwezi mara miezi 36

Eneo ambalo halikaliwi halipati posho ya usafiri wala makazi, kwahiyo usishangae shamba tupu likikosa hizo. Ila kama unaishi pale, kagua ile kodi. Mtaa wako vyumba kama vyako vinapangishwa 120,000, mthamini kaweka 70,000. Kwa miezi 36 moja ni 4,320,000 na nyingine ni 2,520,000, umepoteza 1,800,000 kwa mstari mmoja wa fomu.

Hesabu mazao shina kwa shina. Wenye zabibu za Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, simama shambani na wanaohesabu, andika idadi yako, na hakikisha mizabibu inayozaa haijaandikwa kama miche. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, kamwe. Ile nafasi inaweza kujazwa kisima hewa na hela ikaenda kwingine, au ikapigwa mstari na wewe ukakosa chako. Omba nakala au piga picha kabla haijaondoka mkononi.

Na upande wetu pia, tegesha haifai. Kupandisha kibanda usiku kwa sababu umesikia mradi unakuja, au kumpa mthamini kitu akuongezee miti, kunachelewesha malipo ya kijiji kizima maana uhakiki unarudiwa, na yule bibi wa jirani ambaye hakutegesha chochote ndo anasubiri.

Fidia ikishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali thamani inadumu miaka 2. Isipolipwa ndani ya miezi 6 inaanza kudai riba, na miaka 2 ikipita inathaminiwa upya. Kwahiyo andika tarehe ya kuidhinishwa.

Kosa la kawaida au la makusudi?

Tarakimu zilizogeuka, jina lililokosewa, kisima kilichosahaulika, haya chukulia kwanza ni makosa ya kawaida na uombe marekebisho. Lakini haya hapa ni mwenendo mbaya:

- Mthamini anaulizwa au anauliza "mnataka ifike ngapi?" kabla hajaona nyumba
- Malipo yake yanategemea mkopo upite au namba ifike
- Yeye huyohuyo ndo dalali wa hiyo nyumba, au ni ndugu wa mnunuzi, na ripoti haijasema
- Anadai hela nje ya risiti ili "asikushushe"
- Anatoa ripoti mbili za mali moja, lengo moja, tarehe moja, namba tofauti

Ukikutana na hayo usijadiliane naye njiani wala kwa simu, hifadhi ujumbe, risiti na majina.

Ukikwama

*Mthamini hapokei simu baada ya kulipwa.* Andika barua kwa kampuni yake na nakala kwa aliyemwagiza, kama benki. Taja ukurasa, mstari na namba sahihi, ambatisha ramani na picha. Barua ya "mmenionea" haifanyi kazi, barua ya "ukurasa wa 6 eneo limeandikwa 742, hati inasema 472" inajibiwa.

*Wamekataa kurekebisha.* Tafuta mthamini mwingine aliyesajiliwa akufanyie uthamini wako, usimwambie namba ya kwanza. Zikitofautiana kidogo hiyo ni kawaida, wathamini wawili hawatoi namba moja. Zikitofautiana sana, linganisha hatua 4 hadi 6 utaona zilipoachana.

*Ni utovu wa maadili.* Peleka malalamiko kwa maandishi Bodi ya Usajili wa Wathamini. Kama kuna rushwa, TAKUKURU, namba 113, haina gharama.

*Fidia imekuja pungufu.* Anzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri, omba jedwali la fidia lenye jina lako, halafu ofisi ya Mthamini Mkuu. Kama hujaridhika, vyombo vya kisheria vya ardhi vipo, ila nenda na mwanasheria kwa sababu kuna muda wa kufungua shauri. Kupokea sehemu ya hela huku ukisaini kwamba umeridhika kunakufungia mlango, soma karatasi kabla ya kusaini.

*Benki imeuza nyumba kwa bei ya kutupa.* Sheria ya Ardhi inamtaka anayeuza dhamana atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana, na bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa mali zinazofanana sokoni, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Hapa ndo mifano ya mauzo uliyokusanya hatua ya 6 inapokuwa ushahidi, kwahiyo usiitupe hata kama mkopo ulipita vizuri.

*Mzee hajui kusoma na wanakuja kesho.* Mtu wa familia anayesoma akae nae mwanzo mpaka mwisho, fomu isomwe kwa sauti kwa lugha anayoielewa, Kigogo kama ni Kigogo, na alama ya dole gumba iwekwe baada ya nafasi zote kujazwa na yule msomaji kuandika jina lake kama shahidi.